Ahadi ya Jina

Picha ya rangi ya mzee aliyerudi vitani, ikitundikwa ukutani mwa klabu ya kwao huko Nduguti, haingehitaji maandishi. Kila aingiaye angeitambua pua, angelitambua kovu, angeanza kumtaja mtu na ukoo wake. Kwa kipimo hicho tuitazame Sanamu ya Askari iliyopo Mtaa wa Samora, Dar es Salaam.

Kwa ufundi, hatuna ugomvi na James Alexander Stevenson aliyeibuni. Tangu ilipozinduliwa mwaka 1927, askari yule wa shaba nyeusi angali mbioni, mwili umeinama mbele, singe imeelekea bandarini. Mtazamaji hukaribia kumpisha njia. Na amepanda cheo: Wajerumani walikuwa wamemweka askari chini ya miguu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, katika sanamu iliyoondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916.

Lakini uso ule ni wa nani? Hapana ajibuye.

Msiba wenyewe umo katika maandishi, yanayonasibishwa na Rudyard Kipling, yaliyowekwa kwa Kiingereza na Kiswahili, hati za Kiarabu nazo zikiwamo. Yanamwahidi mpiganaji kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi tamu, ila juu ya nguzo nzima hapana jina hata moja! Wala Kipling hakuwa mgeni wa jambo hili. Mwanawe John alipotea vitani Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na jina la kijana huyo limechongwa katika ukumbusho wa huko. Kilichostahiki kwa mwana wa mshairi hakikufikiriwa kwa mwana wa Mnyamwezi au Mnyiramba.

Tena shukrani yenyewe ni ya waliomtumikia mfalme wa Uingereza. Nduguti ni makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, na Mkalama lipo boma la Wajerumani. Waafrika waliobeba bunduki upande huo, shukrani ile haiwafikii.

Wapagazi, waliokufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, wamefananishwa na viungo vya mwili wa jeshi, basi. Hao angalau lugha yetu imewafanyia hisani bila ya kuagizwa na mtu: ililichukua neno Carrier Corps ikalifanya Kariakoo, na kila anayekwenda sokoni kununua ndizi huwataja, ajue asijue.