Unga wa Ofa na Ulimi wa Mpishi

Kwa wanunuzi wa Nyayo Highrise na Kibera jirani, bei ya ofa kwenye rafu ya unga ni maandishi, na kila mtu ni mhakiki. Pakiti inajisifu: safi, laini, imeongezwa vitamini. Nani anasoma hayo? Maswali ya jikoni ni mengine. Hii ya ofa inashika haraka ama inamaliza gesi? Pakiti ya kilo 2 inafikisha siku ngapi? Ugali ukilala, asubuhi unalika na chai? Wanaosema maskini hununua chochote bora bei imeshuka hawajawahi kusikiliza mazungumzo haya. Unga unaokula moto maradufu si rahisi, hata ofa iseme nini.

Lakini uhakiki wa ulimi una mpaka wake. Novemba 2019, Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini, sumu ya kuvu, iliyopita kiwango. Zilikuwa chapa za kawaida, watu wanazijua kwa jina. Sumu hiyo hailiwi ikajulikana kwa ladha, na moto wa kusonga ugali hauimalizi.

Ndiyo maana "mnunuzi awe makini" ni ushauri nusu. Awe makini na nini, bila maabara jikoni? Bei na ladha tutazisoma wenyewe. Sumu isomwe na wenye mashine, kabla pakiti haijafika kwenye rafu.