Fundi Asiyelaumu Mzigo

Kutoka Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, hadi Bunia ni kama kilomita 50 tu, lakini gari huzihesabu kwa kupanda. Ziwa hilo liko karibu mita 620 juu ya usawa wa bahari, na Bunia karibu 1,270. Prado ya nyumbani, iliyonunuliwa kwa ajili ya shule na misa, hupakiwa magunia ya samaki mpaka nyuma inainama. Inapanda kwa gia nzito, inafika sokoni salama, inazimwa ili mzigo ushushwe. Ufunguo unazungushwa tena: tak! Basi.

Hapo kila mpita njia ni mganga. Batri imekufa. Mzigo umeua injini. Vijana wanaitwa wasukume. (Kusukuma gari la otomatiki kama hili ni jasho la bure, lakini nani atawaambia vijana ambao bei wameshapatana?)

Ninayemsifu ni elektrisie, yule fundi wa umeme wa magari anayeuliza kabla ya kushika spana: “Papa, lilikataa likiwa la moto au la baridi?” Kisha anawasha taa za mbele, anaomba ufunguo uzungushwe, na macho yake yanabaki kwenye taa. Zikififia sana, atapima batri na kukagua vichwa vyake na nyaya. Zikibaki kali huku demarere, mota ya kuwashia injini, ikigonga mara moja na kunyamaza, atashuku vipande vya shaba vilivyo ndani yake, vinavyopitisha umeme. Kwenye demarere nyingi za Toyota vipande hivyo huliwa polepole mpaka havigusani sawasawa. Vinabadilishwa vyenyewe, na demarere inarudi mahali pake. Wauza vipuri hawampendi fundi wa namna hii.

Na mzigo je? Una sehemu yake, kupitia joto. Shaba ikipata moto hupinga umeme zaidi: nyuzi 10 za Selsiasi huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 4. Injini ya mazutu, yaani dizeli, huweza kudai ampea 200 na zaidi ili iwake. Kwa mkondo huo, kutu kidogo kwenye waya wa bodi, yenye ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu, inameza volti 2 kati ya 12. Asubuhi baridi gari lilivumilia hasara hiyo. Baada ya mlima halina akiba. Ndiyo maana likipumzika saa moja linawaka, na mwenye gari anashukuru maombi.

Elektrisie haridhiki na kuwaka huko. Anakwangua kutu kwa msasa, anakaza nati, anapima tena. Halafu anaagiza gari lizungushwe mjini mpaka injini ipate moto, lizimwe, liwashwe papo hapo. Mwenye samaki akilalamika kwamba mazutu yanaisha, anajibiwa kwa heshima: “Vumilia, mama. Pesa yako sijaipokea bado.”