Kuni za Puge hazimo kwenye jumla

Mafunzo mengi ya kupima hewa ukaa kazini yanafuata mwongozo wa GHG Protocol, toleo la 2004. Uzuri wake ni hesabu nyepesi: lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7. Ila upeleke Puge, barabara ya Nzega–Tabora, uone. Jenereta na pikipiki za ofisi zinahesabiwa. Hewa ukaa ya kuni za jikoni inaandikwa pembeni, nje ya jumla, kwa hoja kwamba mti huota tena. Sawa, lakini miombo ikikatwa pakawa shamba, haioti. Kwa hiyo ofisi ikiacha gesi ikarudia kuni, kwenye karatasi imepunguza! Ukifundishwa, uliza kwanza: kuni zetu zinakatwa wapi, na pale pameota nini?