Uhalisi wa Necronomicon ya Simon: Tathmini ya Kifilolojia ya Kitabu cha Uganga Kinachonasibishwa na Mesopotamia

Ikisiri

Makala hii inatathmini madai ya uhalisi wa kitabu kiitwacho Necronomicon, kilichohaririwa na mtu aliyejitambulisha kwa jina moja tu la Simon na kuchapishwa New York mwaka 1977. Kitabu hicho kinajieleza kuwa ni tafsiri ya mswada wa Kigiriki wa karne ya 9 uliohifadhi maarifa ya Wasumeri na Wababeli. Kwa kutumia vigezo vitatu, yaani nasaba ya mswada, ushahidi wa nje na umbo la lugha, makala inaonyesha kwamba kitabu ni utungo wa karne ya 20. Aidha, inadai kwamba hasara kubwa haiko katika tarehe ya uongo, bali katika kupotoshwa kwa matini halisi za Mesopotamia, hususan Maqlû.

1.0 Utangulizi

Toleo la kwanza la kitabu kinachojadiliwa lilitolewa na Schlangekraft kwa nakala 666 zenye jalada la ngozi. Mwaka 1980 kampuni ya Avon ilitoa toleo la karatasi la bei nafuu, nalo ndilo lililokieneza. Ndani yake mna ushuhuda wa msimulizi aitwaye Mwarabu mwendawazimu, milango saba inayohusishwa na sayari, majina hamsini ya Marduk, na mkusanyiko wa maapizo ulioitwa Maklu.

Swali la uhalisi wa kitabu hiki limeshughulikiwa kwa upana na Daniel Harms na John Wisdom Gonce III katika The Necronomicon Files (1998). Hata hivyo, mjadala wa jumla umekwama kati ya pande mbili: wanaokidharau kitabu bila kukisoma, na wanaokitetea kwa hoja kwamba kina majina ya miungu waliokuwapo kweli. Pande zote mbili zinalichukulia suala la uhalisi kuwa jibu la ndiyo au hapana. Makala hii inashikilia kwamba kitabu kina sehemu halisi zilizowekwa ndani ya umbo la bandia, na kwamba mchanganyiko huo ndio unaohitaji kupambanuliwa.

2.0 Vigezo vya Uhalisi

Kutoonekana kwa mswada wa awali hakutoshi kuthibitisha kwamba matini ni ya uongo. Historia ya Kilwa ni mfano ulio karibu. Mswada wa awali wa khabari za Kilwa haupo mikononi mwa watafiti. Kilichopo ni nakala ya Kiarabu iliyopatikana Zanzibar katika karne ya 19, ambayo sasa imehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza, na muhtasari wa Kireno uliochapishwa na João de Barros mwaka 1552. Mashahidi hao wawili wanatofautiana katika mambo kadhaa, lakini hawakutegemeana, na sarafu zenye majina ya masultani zimefukuliwa ardhini. Mtafiti anaweza kubishana na khabari hizo kuhusu nasaba ya mtawala fulani, lakini hawezi kusema zilibuniwa na mchapishaji.

Necronomicon ya Simon haina hata kimoja kati ya vitu hivyo. Mswada wa Kigiriki haujawahi kuwekwa wazi kwa uchunguzi, hakuna nakala ya pili, wala hakuna orodha ya maktaba ya zama za kati inayoutaja. Orodha kubwa ya vitabu vya Kiarabu, al-Fihrist ya Ibn al-Nadim ya mwaka 987, inaeleza kwa kirefu vitabu vya talasimu na imani za watu wa Harran walioabudu sayari. Kitabu chenye jina hili hakimo.

3.0 Jina Lililotoka katika Hadithi

Jina la kitabu lina asili inayojulikana. Lilibuniwa na mwandishi wa Marekani H. P. Lovecraft (1890–1937), ambaye alilitumia kwa mara ya kwanza katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1924, na ambaye katika barua zake alikiri waziwazi kwamba kitabu hicho hakipo. Mwaka 1927 aliandika historia fupi ya mzaha inayosema kwamba kitabu kilitungwa Damascus na Abdul Alhazred, na kwamba Olaus Wormius alikitafsiri kwa Kilatini mwaka 1228. Ole Worm wa kweli alikuwa tabibu wa Denmark aliyezaliwa mwaka 1588.

Jina la mtunzi nalo linajisuta lenyewe. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anajua kwamba Abdulrahman na Abdulkarim ni majina yaliyoundwa kwa neno la utumwa na mojawapo ya majina ya Mungu, na kwamba sauti ya kati ni kibainishi cha Kiarabu. "Abdul" pekee ni ufupisho wa mitaani. Katika "Abdul Alhazred" kibainishi kimerudiwa mara mbili, na kinachofuata si sifa ya Mungu wala neno la Kiarabu. Mwarabu wa karne ya 8 asingeweza kuitwa hivyo. Simon hakulibuni jina hilo, lakini alirithi kichwa cha kitabu na msimulizi mwendawazimu kutoka chanzo hichohicho, kisha akaviwasilisha kama mambo ya historia.

Wala yeye si wa kwanza kulijaza ganda hilo tupu. Mwaka 1973 Owlswick Press ilichapisha Al Azif, kitabu chenye kurasa za mwandiko wa kubuni zilizorudiwarudiwa. Mwaka 1978 likatokea toleo la George Hay huko Uingereza, ambalo baadaye Colin Wilson, mmoja wa washiriki wake, alikiri kwamba lilikuwa mzaha. Tofauti ya toleo la Simon ni kwamba lilitumia matini za kweli.

4.0 Ushahidi wa Lugha

Katika uhakiki wa miswada, makosa yanayofanana ni ushahidi wenye nguvu kuliko usahihi unaofanana. Waandishi wawili wanaweza kupatia jambo lilelile bila kukutana, lakini wakikosea kwa namna ileile, mmoja amenakili. Kwa kigezo hiki, mifano mitatu inatosha.

Kwanza ni jina la mungu wa Zohali, ambaye Simon anamwita Ninib na pia Adar. Yote mawili ni majaribio ya wataalamu wa mwanzo wa mwandiko wa kabari kusoma alama ambazo hawakuwa na hakika nazo. Usomaji unaokubalika leo ni Ninurta. Kwa hiyo Ninib si jina la kale lililosahauliwa, bali ni kosa la kitaaluma lililodumu kwa miongo michache na kisha kusahihishwa. Mswada wa karne ya 9 usingeweza kuwa na kosa lililofanyika zaidi ya miaka elfu moja baadaye.

Pili ni fomula ya Kisumeri ya kuwaapisha pepo kwa uhai wa mbingu na uhai wa ardhi. Fomula yenyewe ni halisi na imeenea katika vibao vya udongo. Lakini kitenzi chake Simon anakiandika "kanpa" na kukifasiri kama ombi kwamba roho ikumbuke. Huo ndio usomaji na ndiyo fasiri ya wataalamu wa karne ya 19. Alama iliyosomwa "kan" sasa inasomwa "he", na maana ni kuapishwa, si kukumbuka.

Tatu ni jina Kutulu, ambalo linafafanuliwa kuwa mtu wa Kutu, mji wa mungu Nergal, ili kulioanisha na zimwi maarufu la Lovecraft. Sarufi ya Kisumeri hairuhusu mpangilio huo. Neno "lu", yaani mtu, hutangulia kile kinachomfafanua, kama katika "lugal", mtu mkubwa, yaani mfalme. Zaidi ya hayo, Kutu ni jina la Kiakadi. Wasumeri waliuita mji huo Gudua. Jina limeundwa kwa kurudi nyuma kutoka kwenye hadithi ya Kiingereza.

5.0 Hoja za Watetezi

Hoja nzito ya watetezi ni kwamba elimu ya Babeli ingeweza kudumu hadi zama za Uislamu. Hoja hii ina msingi. Berossus aliandika kuhusu Babeli kwa Kigiriki katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na Ibn Wahshiyya alidai katika karne ya 10 kwamba alitafsiri vitabu vya kale vya Wababeli. Lakini uwezekano wa njia kuwapo hauthibitishi kwamba kuna aliyeipita.

Hoja ya pili ni kwamba wafasiri wa Simon walisawazisha tu majina kulingana na vitabu vya kitaalamu vilivyokuwapo. Hoja hii inajibomoa. Vipo vibao vichache vya udongo ambamo maneno ya Kisumeri na Kiakadi yameandikwa kwa herufi za Kigiriki, na kila silabi yake ni hazina kwa watafiti wa matamshi. Mswada mzima wa Kigiriki wenye maapizo ya Kisumeri ungekuwa ugunduzi mkubwa kuliko vibao hivyo vyote. Mhariri aliyekuwa nao, kisha akatupa tahajia yake ya Kigiriki na kuweka badala yake usomaji uliopitwa na wakati, angekuwa ameharibu kitu pekee kilichoupa mswada thamani.

Hoja ya tatu, kwamba kitabu kinafanya kazi kwa wanaokitumia, ni ya imani ya watumiaji. Inaweza kuchunguzwa na wanaanthropolojia, lakini haisemi lolote kuhusu tarehe ya matini.

6.0 Uganga Uliogeuzwa Uchawi

Maqlû, ambalo jina lake lina maana ya kuunguza, ni mfululizo wa vibao vinane vya maapizo na kibao cha tisa cha maelekezo ya kafara. Matini hii ilisomwa usiku mmoja hadi asubuhi ya siku iliyofuata, mwishoni mwa mwezi wa Abu, kwa ajili ya mtu aliyeaminika kurogwa. Sanamu za mchawi zilichomwa, mgonjwa alioshwa, na ubaya ukarudishwa kwa aliyeutuma. Aliyeongoza shughuli hiyo aliitwa āšipu, naye alikuwa msomi anayeheshimiwa. Mchawi aliitwa kaššāpu, naye ndiye aliyeshtakiwa.

Kiswahili kina uwezo wa kuieleza tofauti hiyo kwa maneno mawili tu: mganga na mchawi. Maqlû ni matini ya uganga. Simon ameichukua na kuiweka katika kitabu kinachojinadi kwa hofu, chenye maonyo mengi kuhusu viumbe wanaongoja nje ya milango. Mgonjwa ametoweka, na pamoja naye limetoweka lengo la matini. Vivyo hivyo safari ya Inanna kuzimu, ambamo mungu huyo anavuliwa mapambo yake katika milango saba hadi akabaki uchi na kufa, imegeuzwa kuwa ngazi ya kupanda kuelekea nguvu. Majina hamsini ya Marduk, ambayo katika Enuma Elish ni utenzi wa sifa unaotolewa na miungu waliokusanyika, yamekuwa orodha ya watumishi wa kuitwa mmoja mmoja. Maneno yamebaki, maana imepinduliwa.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Necronomicon ya Simon si mswada wa karne ya 9 na haikutoka Sumeri. Ni zao la New York ya miaka ya 1970, lililosukwa kwa nyuzi za hadithi za Lovecraft na tafsiri za wataalamu wa awali wa mwandiko wa kabari. Ikisomwa hivyo, ina manufaa kwa mtafiti wa dini mpya na biashara ya vitabu.

Mapendekezo matatu yanafuata. Maktaba za vyuo zikiorodheshe kitabu hiki chini ya fasihi ya uganga ya Marekani ya karne ya 20, si chini ya vyanzo vya Mesopotamia. Walimu wa fasihi linganishi watumie matoleo ya kitaalamu ya Maqlû na Enuma Elish, na ikiwezekana zianzishwe tafsiri za Kiswahili zinazozingatia tofauti ya uganga na uchawi. Tatu, washauri wa sera za urithi wakumbuke kwamba vibao halisi vya Iraq vimeporwa kwa wingi, hasa baada ya mwaka 2003. Kila kitu kinachodaiwa kuwa cha kale bila kuonyeshwa kilikotoka, kiwe kibao cha kweli au kitabu cha kubuni, kinalijengea soko hilo mazoea ya kutouliza maswali.