Maji Ndani ya Mpingo

Mpingo ukitupwa majini huzama. Kwa uzito na ugumu huo, mtu hudhani ni mti mkavu tangu asili. Mchongaji anajua kwamba gogo lililokatwa juzi bado lina maji, na kwamba yasipotoka kwa utaratibu yatalipasua.

Kutoka pande za Chiwata hadi Newala, mkoani Mtwara, mvua ikinyesha juu ya uwanda wa Makonde hunywewa na ardhi, na kwa vizazi vingi watu waliteremka bondeni kuteka maji. Huku pia kuna ufundi wa kuyasoma maji yasiyoonekana, yaliyomo ndani ya mti.

Mtazame mchongaji makini. Kwa tezo huambua sehemu nyeupe ya nje, kwa kuwa haikauki kwa mwendo mmoja na kiini cheusi. Vichwa vya gogo huvipaka nta, maana huko ndiko maji hutoroka upesi zaidi. Kisha huliweka kivulini. Likianikwa juani, nje hukauka na kutaka kusinyaa wakati ndani bado kumejaa maji; ufa huzaliwa katika mvutano huo. Hata kinyago cha ujamaa, chenye watu waliopandana, hufaidika na matundu yake: hewa hupita, unene hupungua, ukavu huenea sawasawa.

Mtihani mkubwa huja ng'ambo. Hewa ya baridi kali hubeba unyevu kidogo sana, na ikipashwa moto ndani ya nyumba za Ulaya huzidi kuwa kavu. Kinyago kilichozoea hewa ya Mtwara huanza kutoa unyevu wake, na kilichochongwa kwa pupa hupasuka. Wapiga klarineti, ambayo pia hutengenezwa kwa mpingo, hulijua jambo hili: pumzi vuguvugu yenye unyevu ndani ya bomba lenye baridi huweza kulipasua, hivyo chombo kipya hupigwa kidogo kidogo.

Mchongaji wetu hana mitambo ya kupima unyevu. Ana kiganja, sikio na subira, na kwa hayo anastahili heshima ya fundi kamili. Basi anayenunua kinyago cha mpingo asilipie umbo peke yake; alipie pia miezi ambayo gogo lilikaa kivulini, kwani hiyo ndiyo inayokifikisha kinyago kizima kwa wajukuu.