Mawenzi: Mwamba Unaopandwa Kabla ya Jua

Wengi wanaokwenda kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, juu ya volkano ya Kibo, huuona Mawenzi upande wa mashariki, wakaupiga picha na kuendelea na safari. Wachache huambiwa kwamba mlima ule wenye meno, mita 5,149, unakipita kwa urefu hata kilele cha Margherita cha Ruwenzori. Kibo huhitaji pumzi na subira. Mawenzi huhitaji kamba, na zaidi ya kamba, mtu anayejua tabia ya mwamba.

Mwamba ndio ulioamua kila kitu hapa. Mawenzi ni volkano iliyozimika zamani sana, kabla Kibo hakijafikia kimo chake cha leo. Majivu na mabonge ya milipuko yalijipanga kwa matabaka, kisha lava ikapenya kwenye nyufa na kuganda, ikawa kuta nyembamba zilizosimama wima. Mvua na barafu vimekula sehemu laini, kuta zikabaki. Upande wa mashariki mlima umebomoka na kuacha korongo la kutisha, lenye kuta zinazoshuka zaidi ya mita 1,000. Ukishika jiwe, linaweza kung'oka na kubaki mkononi. Ukipigilia msumari wa kufungia kamba, ufa unapanuka.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walilijua hilo mapema. Walifika juu ya Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, kisha wakageukia Mawenzi. Purtscheller alikuwa miongoni mwa wapandaji hodari wa Alpi wa zama zake, na bado kilele kikuu kiliwashinda. Miaka 23 ilipita. Tarehe 29 Julai 1912 Eduard Oehler na Fritz Klute wakasimama juu yake, wakakipa jina la Hans Meyer. Kwangu mimi, kazi hiyo ni kubwa kuliko ile ya 1889.

Waliwezaje? Klute alikuwa mwanajiografia, na safari yao ilikuwa ya kupima sehemu za juu za Kilimanjaro kwa picha ili kuchora ramani. Naamini kazi hiyo iliwafaa sana: anayepima mlima huutazama kutoka pande nyingi na kwa saa tofauti, akaona barafu inalala wapi. Mfereji wa upande wa magharibi unaoitwa kwa jina la Oehler unaonyesha faida ya kutazama hivyo. Maji yanayochuruzika ndani yake mchana huganda usiku na kuyashikamanisha mawe yaliyolegea, kama saruji. Asubuhi kilele chenyewe huukinga mfereji na jua, kwa hiyo mpandaji anapata saa kadhaa za mwamba uliotulia.

Hatari iko kwenye kushuka. Adhuhuri ikipita, jua huupiga upande uleule wa magharibi, saruji inayeyuka, na mfereji uliokuwa njia unageuka mkondo wa mawe. Kwa hiyo hesabu ya Mawenzi hupigwa kutoka mwisho: unaamua kwanza saa ya kuwa umetoka mferejini, ndipo unajua uondoke kambini saa ngapi usiku. Watu wawili wanafaa kuliko sita, maana kila jiwe analolisukuma wa mbele humfuata wa nyuma. Kofia ngumu ni lazima, na aliye chini asisimame wima chini ya mwenzake. Ajibanze pembeni, nyuma ya mwamba.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka ule wa 1912. Ilikuwa kidogo Mawenzi tangu zamani, na kila inapopungua, mfereji unapoteza kile kilichoufanya upandike. Maelezo ya njia yaliyoandikwa miongo iliyopita yasichukuliwe kuwa kweli ya leo. Kabla ya kufunga kamba, mpandaji autazame mfereji kutoka chini mchana kutwa, asikilize mawe yanaanza kuanguka saa ngapi, na akiukuta mkavu usiku wa baridi, arudi.