Honda Fit: Tenki Lilihama, Nafasi Ikapatikana

Achana na boneti, achana na redio, achana hata na usukani. Fungua mlango wa abiria wa nyuma, shika ukingo wa kikalio cha siti, uvute juu. Kikalio kinainuka, mguu wake unajikunja, kinasimama wima kikishikana na egemeo. Na hapo ulipotarajia siti pana uwazi mtupu, kutoka sakafuni hadi darini, zaidi ya mita 1.2! Mche wa mwembe unasimama humo bila kuvunjika kichwa. Baiskeli ya mtoto inaingia ikiwa wima, magurudumu sakafuni. Na buti bado hujaligusa!

Hii ni Honda Fit ya kizazi cha tatu, iliyoingia sokoni Japani mwaka 2013. Nimeikuta kwenye yadi moja Mombasa, nyeupe, injini ya 1.3 ya petroli, na sijaweza kuondoka karibu nayo. Urefu wake haufiki mita 4. Upana ni milimita 1,695 tu. Sasa nafasi yote hii imetoka wapi?

Imetoka chini ya viti vya mbele. Magari mengi madogo ya aina hii huweka tenki la mafuta chini ya siti ya nyuma, na tenki likishakaa pale, siti haina pa kuzama. Wahandisi wa Honda walipoiunda Fit ya kwanza, ile ya 2001, walilisogeza tenki mbele, chini ya dereva na abiria wake. Uamuzi mmoja, na sehemu yote ya nyuma ikawa huru! Ndiyo maana ukilaza egemeo la nyuma, siti nzima inazama chini, na sakafu inanyooka hadi mlango wa nyuma. Laza na kiti cha abiria wa mbele, upakie mbao au mabomba ya zaidi ya mita 2, mlango ukiwa umefungwa kabisa.

Umbo la bodi nalo limefuata akili hiyo hiyo. Pua ni fupi, kioo cha mbele kimelala, na vioo vidogo vya pembetatu vimetangulia milango ili dereva aone kona. Paa linakwenda juu hadi mwisho, halafu mgongo unashuka karibu wima. Mazda Demio ya 2014 ni nzuri kuitazama, nakubali, lakini ule mteremko wa nyuma unakula nafasi ya mizigo. Hapa hakuna kilicholiwa. Mlango wa nyuma unapanda na kioo chake, na kizingiti kiko chini, kwa hiyo mtungi wa gesi huunyanyui hadi kifuani ndipo uuingize. Gari la buti lililojitenga, kama Toyota Axio, linameza masanduku vizuri, ila mlango wa buti lake ni mwembamba. Friji ndogo hailioni ndani.

Yapo ya kuvumilia. Kikalio cha nyuma ni chembamba, maana lazima kijikunje, na safari ndefu mgongo utakuambia. Gari liko chini. Matuta yaendee polepole. Magari haya kutoka Japani mara nyingi huja na kifaa cha kuziba pancha badala ya spea, basi inua zulia la buti uangalie kabla hujalipa. Kwenye Fit ya haiburidi, ile ya petroli na umeme, betri imekaa chini ya sakafu ya buti, na mimi kwa ajili ya mizigo naichagua ya petroli pekee bila kusita.

Na kama buti hili bado halikutoshi, yuko ndugu yake, Honda Shuttle ya 2015: tenki lile lile chini ya viti vya mbele, ila mgongo umerefushwa. Ipo moja upande wa pili wa yadi, ya kijivu, na nishaomba funguo zake!